Mnaoanza nyuro Muhimbili, jifunzeni kumtazama mgonjwa kwanza

Wadogo zangu mnaoingia rotesheni ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, najua mmeshatishwa kwamba nyuro ni ngumu, neva 12 za kichwa peke yake kuzikariri shughuli. Ugumu unapungua sana ukijua kumtazama mtu kabla hujajaza fomu ya siti skani.

Msomeni Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa wa nyuro. Mwaka 1862 alipewa wodi pale Salpêtrière, Paris, hospitali iliyojaa maelfu ya akina mama maskini na wazee, wengi hawatibiki, yeye akaona shule ndiyo hii. Anamwita mgonjwa, anamvua nguo, anakaa kimya anamtazama, anaita mwingine anawalinganisha, skani hakuna kabisa enzi hizo, na mgonjwa akifariki anachunguza ubongo na uti wa mgongo kwa hadubini aone kama vinakubaliana na alichoandika kwenye faili. Ndo akatenganisha ugonjwa wa Parkinson na multipo skilerosisi, ugonjwa unaoharibu ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo: wa Parkinson anatetemeka mkono ukiwa umetulia, wa multipo anatetemeka akitaka kushika kitu. Darasani akawavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ili hata aliyekaa nyuma kabisa auone mtetemo, huo ndo ualimu jamani! Kwenye histeria, yaani dalili kama kupooza au degedege bila ubongo kuonekana na kasoro, alikosea mengi, na aliyekuja kuyarekebisha ni mwanafunzi wake mwenyewe, Babinski, kwahiyo msiogope kumuuliza bingwa kwenye raundi.

Sasa hapa kwetu Dar. Akiletwa mtu wa kiharusi waulize ndugu mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi, usiulize tu kaanza lini, maana kama kaamka nayo watakutajia saa ya kuamka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, hapo mtu katoka Mbagala na foleni yote ile. Kifafa vilevile, mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, mtafute aliyemwona akianguka, na siku hizi kuna mtu kashamrekodi na simu, iombe hiyo video. Na wakisema walianzia kwa mganga wasikaripiwe, tafadhali sana, ukikaripia wanakuficha dawa zote alizonyweshwa na wewe ndo unazihitaji kuzijua.

Halafu uchunguzi wa unyayo, yaani kukwangua chini ya mguu uone kidole gumba kinaelekea wapi. Babinski aliuandika mwaka 1896 kwa mistari michache tu na mpaka leo tunautumia kila siku: kwa mtu mzima kidole gumba kikipanda juu, tatizo liko ubongoni au kwenye uti wa mgongo, sio kwenye neva ya mguu. Ila naona wengi mnakwangua harakaharaka mgonjwa anaruka tu. Vua soksi, mwambie alegeze mguu, anzia kisigino upande wa nje, panda taratibu mpaka chini ya vidole halafu kata kuelekea gumba, angalia kidole kinavyoanza kusogea mwanzoni kabisa, kisha fanya na mguu wa pili hata kama anasema huo hauna shida.