Picha za Ndani Katika Tangazo la Nyumba: Maneno kwa Dalali Anayeanza Kazi Arusha

Dalali mgeni akikabidhiwa nyumba ya kuuza, mara nyingi hupiga picha za nje kwa wingi, yaani geti, fensi, paa jipya na Mlima Meru kwa nyuma (ambao hauuzwi pamoja na nyumba), kisha huingia ndani, hupiga sebule mara mbili na kuondoka. Tangazo la namna hiyo huleta simu nyingi, lakini sehemu kubwa ya wanaopiga huuliza mambo ambayo picha zingeyajibu, na baadhi yao hufika hadi nyumbani ili tu wagundue kwamba jiko ni dogo kuliko walivyotarajia.

Ni vyema uelewe mapema kwamba picha ya ndani haipigwi ili imalize biashara. Mnunuzi hukubali baada ya kuona hati, kujadili bei na kukanyaga sakafu kwa miguu yake mwenyewe. Picha humsaidia kuamua kama safari hiyo inastahili nauli na muda wake. Jambo hili lina uzito zaidi hapa kwetu kwa sababu wengi wanaotafuta nyumba Njiro, Moshono au Sakina hawaishi Arusha. Wapo Dar es Salaam, Dodoma au nje ya nchi, na wanachoweza kufanya ni kumtuma ndugu akague, ndugu ambaye naye anaondoka kazini kwa kuomba ruhusa. Ukimchosha ndugu huyo kwa nyumba tatu zisizofanana na picha zake, ya nne hatakuja kuiona.

Mnunuzi mzoefu hutazama kwanza kile ambacho hakikupigwa picha. Nyumba ya vyumba vinne inapotangazwa kwa picha za sebule na chumba kimoja cha kulala, yeye huhitimisha kwamba jiko na vyoo vina kasoro, hata kama ukweli ni kwamba dalali alikuwa na haraka. Kwa hiyo anza na vyumba hivyo viwili ambavyo wengi huvikwepa. Jikoni usiridhike na picha ya makabati. Familia nyingi za hapa hupika kwa gesi ndani na kwa mkaa nje, hivyo mnunuzi anataka kujua mtungi unakaa wapi, moshi unatokea wapi, na mlango wa nyuma unafungukia kibarazani au ukutani kwa jirani. Picha moja iliyopigwa ukiwa umesimama karibu na sinki na kuelekea mlango wa nyuma, mlango huo ukiwa wazi, hujibu maswali hayo yote kwa pamoja. Chooni ondoa ndoo, brashi na taulo, funika bakuli, kisha piga ukiwa mlangoni ili sakafu, bomba la kuogea na hita ya maji vionekane. Katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, hita ni swali ambalo kila aliyewahi kuoga Arusha mwezi wa Julai ataliuliza.

Mwanga ndio unaowashinda wengi, na sababu yake ni ya kijiografia. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana na miale yake haiingii dirishani. Ukipiga wakati huo, nje kunang'aa kupita kiasi na chumba kinabaki giza. Vyumba vinavyotazama mashariki vipige asubuhi, na vinavyotazama magharibi vipige kuanzia saa tisa alasiri. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi huwa na mawingu mazito, na wapo wanaoahirisha kazi wakidhani hali hiyo haifai, ilhali mwanga wa mawingu ni laini na hauachi vivuli vikali. Kinachohitajika ni kufungua mapazia yote, kufuta vumbi kwenye vioo na kuwasha taa endapo zote ni za rangi moja, kwa sababu chumba chenye taa nyeupe upande mmoja na ya njano upande mwingine huonekana kichafu hata kama kimepakwa rangi jana. Mjini Moshi, ambako kuna joto zaidi, onyesha pia madirisha yakiwa yamefunguliwa na nyavu za mbu zikiwa mahali pake, kwa maana mnunuzi wa kule hufikiria hewa kabla ya mapambo.

Simu ishike usawa wa kifua ukiwa kwenye kona, na hakikisha fremu za milango zinasimama wima. Lenzi pana ya simu itumie kwa tahadhari, kwa kuwa hukifanya chumba kidogo kionekane ukumbi, halafu mgeni akafika na kugundua kwamba kitanda chake cha futi sita kwa sita hakiingii. Chini ya picha andika vipimo vya chumba kwa mita, na ubishi utaisha hapo. Alama ya unyevu ukutani usiifute kwa programu ya simu, maana itaonekana tu, na mnunuzi akishaiona ataanza kutilia shaka hata mipaka ya kiwanja.

Nyumba yenye mpangaji inahitaji adabu ya ziada. Ruhusa ya mwenye nyumba haitoshi. Mwombe na anayeishi humo, umpe muda wa kupanga vitu vyake. Picha za watoto ukutani, vyeti vya shule, namba ya mita ya umeme ya LUKU na bahasha zenye majina visionekane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu kazi yetu pia, na hata pasingekuwa na sheria, mwizi naye husoma matangazo. Tena kumbuka kwamba picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na mnunuzi aliye mbali atakuomba uitume kama faili. Faili hilo huweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa, kwa hiyo zima kipengele cha kurekodi mahali (location) kwenye kamera kabla ya kuanza kazi.

Zipange picha kwa mwendo wa mtu anayeingia: mlango mkuu, sebule, mahali pa kulia, jiko, korido, vyumba, vyoo, stoo. Andika jina lako pembeni, siyo katikati ya picha, kwa sababu hapa nyumba moja huwa mikononi mwa madalali wengi na picha husambazwa hadi zikafifia, kila nakala ikiwa na bei yake. Nyumba ikishauzwa ziondoe siku hiyohiyo, la sivyo mwenye nyumba mpya atakuwa akigongewa geti na watu wanaotaka kuona jiko.