Taa za gereji: wati si mwanga

*Nang'arisha magari Nakuru, chumba cha mita 6 kwa 4. Ninunue taa ya wati ngapi?*

Wati ni za bili ya stima. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kuondoa mikwaruzo kunataka kama lumeni 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mita zako 24 zinadai 24,000. Ongeza robo kwa ajili ya vumbi na kuta: 30,000. Tyubu ya LED ya futi 4, wati 18, hutoa takriban 1,800, basi nunua 16 au 17. Mafundi wengi huzirundika katikati ya dari, boneti ikameremeta na milango ikabaki gizani. Funga nusu darini, safu mbili juu ya njia za pembeni mwa gari, na nusu ukutani kati ya kiuno na bega. Kuta zipakwe nyeupe isiyong'aa. Kabla ya kulipa, washa tyubu uiangalie kwa kamera ya simu: mistari ikitembea kwenye kioo, irudishe.

*Taa nyeupe au ya manjano?*

Swali hili tena! Nyeupe, ya kelvini 5,000 (kelvini hupima rangi ya mwanga). Na usome CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, kwenye katoni: chini ya 90, rangi uliyoiona ndani siyo utakayoiona nje.

*Gari liko safi gerejini, lakini juani mteja anaona utando wa buibui. Polishi yangu mbovu? (Kisumu)*

Pengine polishi haina kosa. Tyubu hutawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika huficha mikwaruzo. Jua huja kutoka upande mmoja na kuianika. Zima za dari, shika tochi ya LED ya nukta moja, uisogeze kwa mshazari. Lakini kwanza pangusa paneli kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, maana mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo kwa muda na kukudanganya. Fanya hivyo baada ya kila paneli, si gari likiisha.

*Naweza kuwasha taa kwa ekstensheni sakafuni ninapoosha? (Kakamega)*

Hapana. Taa ziwe IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na saketi iwe na kikata-umeme cha miliampia 30, kinachokata stima ikivuja. Fyuzi hulinda waya; wewe haikulindi.

*Wadudu wa ziwani wananasa kwenye seramiki, ile dawa ya kukinga rangi ya gari, nikiipaka usiku.*

Paka mchana. Ikibidi usiku, funga mlango, tundika wavu, uache taa moja ikiwaka nje, mbali na mlango.