Kano ikionekana nyeusi, imechanika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napima ultrasaundi katika hospitali ya wilaya hapa Kongwa. Kazi yangu kubwa ni wajawazito, ila siku hizi madaktari wananiletea na mabega. Juzi nilimpima mama anayeumwa bega la kulia, nikaona doa jeusi kwenye kano ya supraspinatusi, ile inayounganisha msuli wa juu ya bega na mfupa wa mkono, pale inaposhika mfupa. Nikaandika imechanika. Kufika rufaa akaambiwa kano ni nzima. Nimekosea wapi? Na je, mtu anaweza kuishi kwa kupima viungo tu?

JIBU: Marahaba. Umekosea palepale nilipokosea mimi. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwandikia fundi seremala kwamba kano yake imekatika kabisa. Daktari wa upasuaji hakubishana. Alishuka chini, akashika probu, kile kifaa cha mkononi cha kupimia, akaiweka mahali pale pale, akaiinamisha kidogo. Weusi ukapotea. Akafuta jeli, akaondoka bila kusema neno.

Kano ni nyuzinyuzi zilizolala sambamba kama katani kwenye kamba. Mawimbi ya sauti yakizipiga wima, mwangwi unarudi kwenye probu na kano inang'aa. Yakizipiga kwa mshazari, hata wa digrii chache tu, mwangwi unakwenda pembeni na skrini inaonyesha giza. Jina lake ni anisotropia. Umewahi kutazama bati jipya la paa saa saba mchana hapa Dodoma? Ukisimama hapa linakuchoma macho, ukisogea hatua mbili limefifia, na bati ni lile lile. Sasa supraspinatusi hupinda kuufuata mfupa inapokaribia kushika, kwa hiyo pale ulipoona doa ndipo inapodanganya zaidi.

Kwanza, probu. Ile ya duara ya kupimia mimba, ya megahezi 2 hadi 5, iache. Chukua iliyonyooka, ya megahezi 10 au zaidi, maana bega haliko mbali na ngozi. Mgonjwa aweke kiganja kwenye tako, kama anayetafuta pochi mfuko wa nyuma, kiwiko kitazame nyuma. Hapo kano inatoka chini ya mfupa wa juu wa bega unaoificha. Akiumia sana usimlazimishe, ila ujue utaona kidogo.

Ukikuta weusi, usiandike chochote. Inamisha probu taratibu, huku na huku, bila kuihamisha. Ukipotea, umemaliza. Ukibaki, geuza probu digrii 90 uutafute upande wa pili. Mchaniko wa kweli unaonekana pande zote mbili. Kisha utazame mgongo wa kano: kwa kawaida umetuna kama mgongo wa kobe, na iliyokatika kabisa hubonyea, hasa ukikandamiza kidogo. Pima na bega lisilouma. Hapa napo kuna mtego, kwa sababu wazee wengi wana kano zilizochanika wala haziwaumi. Mama wa miaka 65 aliyelima tangu utotoni unaweza kumkuta na mchaniko, na maumivu yake yakawa yanatoka shingoni. Ndiyo maana mimi humuuliza mgonjwa aniwekee kidole panapouma kabla sijapaka jeli.

Kuhusu kuishi kwa viungo tu: huku kwetu, nje ya hospitali kubwa, bado ni vigumu. Mimi mwenyewe asubuhi ni mimba na matumbo, mchana ndiyo magoti ya bodaboda na mabega ya wakulima wa zabibu. Mtihani wa fani hii upo, ARDMS, shirika la Marekani linalosajili wapima ultrasaundi, wanao, lakini ni ghali na hautakufundisha mkono. Anza na miongozo ya ESSR, chama cha Ulaya cha wataalamu wa picha za mifupa, viungo na misuli: viungo 6, mkao wa mgonjwa na mahali pa kuweka probu, vyote kwa picha.

Halafu jipime goti lako mwenyewe. Kano iliyo chini ya kilegesambwa, mguu ukiwa umenyooka, hulegea na kuwa na mabaka meusi. Kunja goti digrii 30 hivi, uone inavyong'aa. Ukishaweza kuiwasha na kuizima kwa makusudi, mwite tena yule mama, umpime bila kumtoza. Nitumie picha mbili, kabla na baada ya kuinamisha probu, ukiwa umefuta jina lake.