Gari linasema nje nyuzi 45, mbona mwili hausikii hivyo?

SWALI: Mtaalamu, ile namba ya joto la nje kwenye dashibodi inanidanganya, nikiwa foleni inapanda mpaka 45 na hakuna joto hilo kabisa, nibadilishe sensa (kile kifaa kinachopima joto)?

JIBU: Usinunue kitu bado ndugu yangu. Sensa hiyo kwa kawaida inakaa mbele, nyuma ya bampa au grili, sasa ukisimama joto la injini na rejeta linaipiga, na kompyuta nayo kwa magari mengi hubadilisha namba polepole makusudi, kwa hiyo endesha kwanza mwendo mzuri dakika kama 10 hivi ndo uangalie tena. Ikishuka, sensa ni nzima. Isiposhuka chungulia kama imechomoka kwenye kishikio chake ikasogelea rejeta, hii hutokea sana bampa likishafunguliwa, mafundi wengi wanasahau kuirudisha na inaudhi kweli. Ingekuwa inaonyesha -40 hapo ningesema waya umekatika au plagi imeachia. Ukitaka uhakika ichomoe sensa uipime kwa maltimita (kile kipimo cha umeme cha mafundi), ukiipasha moto kidogo omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zinatakiwa zishuke taratibu, zikigoma au zikirukaruka basi hapo badilisha tu.