Nilinyamaza mbele ya bango langu

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa mikoko ya upande wa Pate. Mwaka jana nilihudhuria kongamano la kisayansi kwa mara ya kwanza. Sikupewa nafasi ya kuzungumza jukwaani, nilipewa ya bango: unatundika matokeo yako kwenye karatasi kubwa, unasimama kando ukingoja maswali. Kwa saa moja na nusu walisimama watu wanne. Wa mwisho, mzee mmoja mwenye mvi, aliutazama mchoro wangu akauliza kwa Kiingereza: mbona miti myembamba ipo tele, minene sana ipo, ya kati haipo? Ulimi ukaniganda. Akanipa kadi yake akaenda zake, nami nikaenda kulia msalani. Sasa nimekubaliwa kongamano jingine, tena kwa bango. Niende, au ningoje Kiingereza changu kinyooke?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye swali la yule mzee. Watu watatu walipita, wa nne akaona pengo ndani ya takwimu zako. Kuna watafiti huzunguka makongamano miaka wasiulizwe swali kama hilo. Na wewe, mtoto wa Langoni, jibu unalo.

Mkata mikoko haingii msituni kutafuta sentimita. Anatafuta fito, pau, mazio, boriti, nguzo, majina ya miti kwa unene wake, kuanzia myembamba. Soko linapenda zaidi mazio na boriti. Boriti ni mti wa kipenyo cha kama sentimita 11.5 hadi 14. Ndiyo iliyopakiwa majahazini kwenda Arabuni miaka na miaka, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe za mji wako, na vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Miti ya kati aliyoikosa yule mzee, ukilala chali unaitazama.

Kwa hiyo sidhani kilichokuziba mdomo ni Kiingereza. Nadhani uliona jibu ambalo hata babu yako angelitoa si la kisayansi. Nalijua jambo hilo. Mwaka 2017, Dar es Salaam, kwenye kongamano la WIOMSA, jumuiya ya watafiti wa bahari yetu yenye makao Zanzibar, nilisimama kando ya bango la samaki wa madema. Mama mmoja kutoka Msumbiji akaniuliza kwa nini tafi wangu wanapungua katikati ya mwaka. Nikaanza kubabaika na maneno ya vitabuni. Akanikatiza kwa upole: wavuvi wenyewe wanasemaje? Nikamweleza kusi, bahari inavyochafuka, mitumbwi midogo inavyolala ufukweni, madema yasivyotegwa nje ya miamba. Alivuta kiti akaketi. Tulizungumza mpaka wahudumu wakaanza kuondoa mabango, na mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa makala yangu ya kwanza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu. Katika makongamano ya bahari hii wako Wamalagasi, Wakomoro, Wamsumbiji; Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne kwa wengi wao, na hakuna anayehesabu makosa yako.

Ila neno la babu peke yake halitoshi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Rudi Pate kabla ya safari. Kwenye viwanja vyako vya utafiti pima visiki. Mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, ukikatwa huchipua, lakini ule unaoitwa mkoko hasa ukikatwa shina hauchipui, kwa hiyo kisiki chake kinabaki pale kama shahidi. Visiki vikiwa vingi vya unene wa mazio na boriti, una ushahidi. Visipokuwa, una swali jipya, na hilo nalo lipeleke. Nenda na mkataji mwenye umri, umlipe siku yake, na jina lake liwemo kwenye shukrani za bango akiridhia.

Bango lenyewe lichapishe juu ya kitambaa. Langu la karatasi liliingia maji kwenye boti kabla sijafika gati ya Mokowe, upande wa bara. Kitambaa unakikunja begani na basi la Mombasa halikufanyi kitu. Halafu kata kamba tatu za sentimita 25, 36 na 44, uzifunge ziwe pete: ya kwanza ni mzingo wa mazio inapoanza, ya pili ni boriti inapoanza, ya tatu ni inapokwisha. Zitundike kando ya mchoro. Mtu akishika pete mkononi huuliza, na ukishaulizwa kuhusu kitu unachokijua tangu utoto, ulimi hufunguka wenyewe.

Kuhusu jukwaa usisikitike. Jukwaani watu hupewa dakika chache, maswali mawili, kengele. Mbele ya bango mnasimama bega kwa bega na mwenye hamu.

Na ile kadi, natumaini hukuitupa. Mwandikie yule mzee wiki hii, hata mistari mitano. Mwambie uliposimama mbele yake jibu lilikuwepo, na umtajie boriti kwa jina lake.