Roboti ya kusafisha bwawa la nyumbani: inunue, ila maji yabaki kazi yako

Wiki hii kuna dada wa Kigamboni kaniandikia meseji ndefu, anasema wamejenga, wamechimba na swimingi, sasa kila asubuhi bwawa limejaa majani na mchanga chini na fundi anayemlipa anakuja akijisikia. Anauliza mambo matatu: zile roboti zisizo na waya zinafanya kazi kweli au ni mapicha ya mtandaoni, je kaka yake anayerudi kutoka Dubai anaweza kumbebea kwenye begi, na je achukue ya mtumba aliyoiona inauzwa. Akamalizia na kitu kilichonigusa, kwamba mumewe kamwambia hicho ni kimdoli cha watoto wa matajiri.

Mdogo wangu, kaa hapa nikusimulie maana hayo maneno nayajua.

Sisi tuko Mbezi Beach, bwawa letu ni la kawaida tu, mita 8 kwa 4, kina ukichukua wastani ni mita 1.5, kwahiyo unaongelea lita 48,000 za maji, na maji yenyewe ni ya kisima yana kachumvi. Mume wangu kikazi yuko mkoani, nyumba naiendesha mimi, na mwanzoni bwawa lilikuwa chini ya fundi tunayemlipa kwa mwezi. Anakuja, anamwaga klorini hata kipimo hashiki, anasukuma brashi kidogo kwenye kona inayoonekana ukiwa barazani, anaondoka. Ukimuuliza mbona chini pako hivi anakujibu "mama haya mambo ni ya kitaalamu." Nilikuwa nalipa na bado naangalia udongo umelala chini kama umekodi chumba. Hilo jibu la "kitaalamu" bado linanikereketa mpaka leo kwasababu nilipokuja kuelewa nikakuta hakuna utaalamu wowote mtu hawezi kufundishwa jioni moja.

Halafu ujue pwani ina mambo yake. Kusi likianza kupiga linakuletea vumbi na mchanga mwembamba, kaskazi nalo linakuja na lake, masika ikinyesha maji yanashuka na tope la bustani. Na mimi nina mwarobaini umeinamia upande mmoja wa bwawa, siukati, kivuli chake nakipenda, ila vile vijani vyake vidogo vidogo vinapita kwenye wavu vinazama, na ua la boganvilia la jirani linamwaga juu ya hapo. Wavu wa kuopolea unaondoa vinavyoelea. Vilivyozama ndio kazi.

Kilichonifanya niamue lakini ni huyu kijana anayenisaidia bustani. Ni mtoto wa bara, kwao hakuna hata bwawa la samaki, hajui kuogelea kabisa. Fundi asipokuja yeye ndio alikuwa anasukuma ule mti mrefu wenye mpira wa kuvuta uchafu, na siku moja kigae cha ukingoni kilikuwa kimelowa, mguu ukamtoka upande wa kina kirefu, nashukuru Mungu alidaka ngazi ya chuma. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia kishindo. Nilipotoka nikamkuta kashikilia ile ngazi kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, hawezi kupanda wala kuachia. Siku ile ile nikasema huyu mtoto wa watu hatagusa tena ule mti mpaka ajue kuogelea, na nikaanza kutafuta mashine.

Nilipoitaja kwenye kikao cha familia shemeji yangu mmoja akacheka mbele ya watu, akasema mwanamke akiachiwa hela ndio haya, milioni moja na ushee ananunua kimashine cha kuzunguka kwenye maji. Sikumjibu. Niliumia sana, tena nasema wazi, lakini sikumjibu. Leo hii akija na watoto wake wanaogelea mpaka jua linazama na hakuna anayeuliza bwawa linasafishwaje.

Na watu wasidhani hii ni akili iliyokuja jana. Vifaa vya kutembea vyenyewe chini ya bwawa vipo siku nyingi, ile Kreepy Krauly maarufu imetoka hapo Afrika Kusini mwaka 1974, aliyeibuni ni injinia Ferdinand Chauvier ambaye kabla ya hapo aliishi Kongo. Ile inavutwa na pampu ya bwawa kwa mpira mrefu, pampu ikizima na yenyewe imekufa. Zipo pia za umeme zenye waya. Hizi za betri ni mtoto wa mwisho, na kwa nyumba zetu zenye umeme wa kukatika katika mimi naona ndio zinatufaa kuliko zote, umeme ukiwepo unachaji, ukikatika roboti iko chini inapiga kazi haina habari. Na hakuna waya wa kutandaza ukingoni watoto wakajikwaa.

Sasa inafanyaje. Ndani ina betri ya lithiamu, ina mota ya kuizungusha minyororo yake ya mpira na pampu yake ndogo inayofyonza maji kwa chini, yanapita kwenye kapu lenye wavu, uchafu unabaki, maji yanatokea juu. Ule mvuto ndio unaoifanya ishike hata ukutani ikapanda mpaka kwenye mstari wa maji. Unaichaji masaa matatu mpaka matano, inafanya kazi saa moja na nusu, mbili, kutegemea aina. Chaji ikikaribia kuisha za sasa nyingi zinajisogeza ukutani zinasimama, unaivua kwa ndoano. Ukiivua usiinyanyue kwa papara, imejaa maji ni nzito, ishikilie pale ukingoni maji yamwagike kwanza ndio uivute. Nimeona watu wanavunja mishikio hivyo.

Mara ya kwanza nilipofungua kapu jamani. Majani ya mwarobaini yamegandana, mbawakawa wawili, kizibo cha soda, hereni ya binti yangu ambayo tulishaitafuta nyumba nzima, na chini ya vyote mchanga laini umejaa kwenye mikunjo ya filta ukiugusa unateleza vidoleni. Huo mchanga ndio ulikuwa unakwangua miguu ya watoto. Nilipiga picha nikamtumia mume wangu bila maneno yoyote, akanipigia akasema hongera mke wangu. Basi.

Ushauri wangu wa kwanza na wa mwisho mtauchoka kuusikia: osha kapu kila ikitoka kwenye maji. Kila ikitoka. Usiseme kesho. Kapu likijaa mvuto unapungua, ukipungua haipandi ukuta, halafu mtu anaandika huko kwamba mashine mbovu. Fungua, mwaga, piga maji ya bomba kwa ndani kwenda nje, anika kivulini. Kama ina filta nyembamba ya ziada itumie wakati wa vumbi la kusi, wakati wa majani mengi itoe maana inaziba haraka.

Betri nayo ina adabu zake. Kabla ya kuchomeka chaja futa pale pa kuchomekea kwa kitambaa kikavu, hasa sisi wa maji ya chumvi, unyevu ukibaki pale vyuma vinaota kutu ya kijani unaanza kutafuta fundi. Chajia kivulini penye hewa, lithiamu na jua la Dar hawapatani. Usiiache majini wiki nzima eti kwasababu haipitishi maji. Na kama mnasafiri usiihifadhi ikiwa imeisha kabisa wala imejaa kabisa, iache nusu.

Halafu angalia bwawa lako limepigwa nini. Vigae vidogo vya mozaiki vinateleza, vinataka brashi laini za sponji, bwawa la saruji iliyokwaruza linataka brashi za mpira. Uliza kabla hujalipa. Ngazi na ile sehemu ya maji ya kifundo cha mguu nyingi haziwezi, zinavuta hewa zinasimama, hapo utapiga brashi ya mkono. Na kama ina programu ya kwenye simu, ikishazama usishangae haikusikii, mawimbi ya Wi-Fi na Bluetooth hayafiki mbali ndani ya maji, ipange ikiwa nje.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndio penye kosa la wengi. Roboti inaokota. Haitibu maji. Nimeona watu wamenunua mashine wakazima pampu kubwa wakidhani wameokoa umeme, baada ya siku chache bwawa limekuwa kijani kama mchicha na lawama zote kwa roboti. Pampu ya hospawa moja inakula karibu uniti moja kwa saa, ukiiwasha masaa nane ni uniti nane, najua LUKU inauma. Roboti kuichaji haifiki hata nusu uniti. Lakini hizo ni kazi mbili tofauti, pampu ndio inazungusha maji yapite kwenye filta kubwa na ndio inasambaza dawa. Punguza masaa kidogo kwa kipimo na macho yako, usizime.

Na dawa upime. Nunua vile vikaratasi vya kupimia, ni bei ndogo, pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.8, klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Weka klorini jioni maana jua la mchana linaichoma. Ukimwaga dozi kubwa ya kuua mwani toa roboti kwanza, klorini kali inakula mipira na brashi, irudishe kipimo kikishashuka. Maji ya kisima yenye madini ya chuma ukimwagia klorini yanageuka rangi ya chai, sio uchafu ule, usiitume roboti ikashughulike nao. Vilevile wale wa kuweka shabu ili tope lizame, lile tope laini likilala roboti inaliinua tu na kulirudisha, hilo linavutwa taratibu kwa mpira na kumwagwa nje moja kwa moja.

Mimi huwa naiweka mara mbili au tatu kwa wiki, upepo ukizidi naongeza. Nyumbani tuna sheria moja haina mjadala: roboti ikiwa ndani hakuna mtu anaingia, awe mtoto awe mgeni. Nywele na vidole vya watoto havina spea.

Na wewe mwenye nyumba, baba au mama, nakuomba kwa jina la Mungu. Usimtume dada wa kazi wala kijana wa bustani kwenye kina asichokijua kwa sababu tu unamlipa. Kama huwezi kununua mashine, mfundishe kuogelea kwanza au shika ule mti mwenyewe. Na usikubali kuambiwa maji ya nyumbani kwako ni ya kitaalamu hayakuhusu. Watoto wako ndio wanayanywa kwa bahati mbaya kila wikiendi, unayajua au huyajui? Wanawake wenzangu hasa, tunaachiwa nyumba tunaambiwa tusiguse chochote chenye mota. Gusa. Soma kitabu chake. Kijana wangu sasa anaishusha na kuivua mwenyewe, anapima na pH, na nimemlipia mtu wa kumfundisha kuogelea, anavuka upana bila kushika ukuta. Fundi tulishaagana kwa amani.

Nirudi kwa dada wa Kigamboni. La kwenye begi, mwambie kaka asome maandishi ya betri kabla hajalipa. Kwenye ndege za abiria betri ya lithiamu ikizidi Wh 160 (Wh ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri) haipandi na abiria, kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Ukikuta hawajaandika Wh, zidisha volti kwa Ah, mfano volti 21.6 na mAh 7,800, yaani Ah 7.8, inakuja kama Wh 168, hiyo tayari imepita. Nyingi za mabwawa makubwa zinapita. Bora iletwe kwa mizigo na mtu anayejua kutangaza betri, kuliko kaka aiache uwanjani.

Na ile ya mtumba, usilipe kwa kuona taa inawaka. Muuzaji aichaji ijae, muishushe kwenye maji mbele yako, mkae hapo mpaka ijizime yenyewe, uone imedumu muda gani na kama imepanda ukuta. Akisema hana bwawa la kujaribia, mwalike kwako. Akikataa kuja, achana nayo.