Jibu: Maana nimeikariri, mbona sentensi bado haikai sawa?

Ndugu, umeuliza mbona unakariri maneno magumu ya Kiingereza kila siku, lakini ukiyatumia unaambiwa sentensi haijakaa sawa. Kumbukumbu yako haina kasoro. Unajifunza tafsiri peke yake, na kila neno lina majirani zake.

Chukua mitigate. Kamusi itakwambia ni kupunguza makali, na ni kweli. Ila hufuatana na hatari, madhara au hasara: mitigate the risk, mitigate the damage. Kwa kupunguza bei, tumia reduce. Tena usilichanganye na militate, ambalo hufuatwa na against na maana yake ni kukwamisha jambo. Hata wenye lugha yao huteleza hapo. Notorious nalo wengi hulifasiri "maarufu", kumbe ni maarufu kwa ubaya. Ukimwita mwalimu wako hivyo kwa nia ya kumsifu, umemtukana.

Kwa hiyo kwenye daftari andika sentensi nzima uliyokutana nayo, kisha tunga yako kuhusu jambo la maisha yako mwenyewe, na uirudie baada ya siku mbili tatu. Maneno matano kwa wiki yanatosha kabisa.

Kuhusu yapi uanze nayo, tafuta Academic Word List, orodha aliyoichapisha Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 (yaani neno pamoja na maumbo yake) za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Yale ya mapambo yaache kwanza.